Historia ya Vyumba vya Sayansi katika Shule Zetu, na Wajibu wa Chama

Wazee waheshimiwa, wanachama, na wote mtakaosoma kijitabu hiki,

Katika Mkutano Mkuu ujao wanachama wataombwa kukata shauri juu ya jambo moja lenye uzito: ama fedha za mfuko wa elimu zitumike kuongeza jengo jingine, ama zitengwe kila mwaka kwa ajili ya vifaa vya sayansi katika shule za sekondari za kutwa zilizo karibu nasi. Kamati imeona ya kuwa haifai watu kuamua neno la namna hii bila kujua limetoka wapi. Kwa hiyo nimeagizwa kuandika, kwa kifupi, jinsi mafunzo ya sayansi yalivyoingia katika shule za Waafrika nchini Kenya, ni nani aliyeyalipia, na kwa nini mtoto wa maskini aweza kusoma kemia muda wa miaka minne asishike bureti ila mtihani ukaribiapo.

Elimu ya mikono na shaka ya wazee

Shule za kwanza za bara zilikuwa za misheni. Maseno, kwa mfano, ilianzishwa na C.M.S. mwaka 1906. Humo vijana walifundishwa kusoma, kuandika, hesabu, Maandiko Matakatifu, na kazi kama useremala na ujenzi. Mwaka 1924 Tume ya Phelps-Stokes ilizuru Afrika Mashariki, ikashauri ya kwamba elimu ya Mwafrika ielekezwe zaidi kwenye kilimo, afya na kazi za mikono. Mwaka 1925 ikafunguliwa Jeanes School huko Kabete, ili kuwafundisha waalimu watakaoeneza mambo hayo vijijini.

Ushauri ule ulikuwa na mema yake. Lakini wazee wetu waliutazama kwa jicho la shaka, nao walikuwa na sababu. Waliona ya kuwa watoto wa walowezi wakisomeshwa wapate kuwa maofisa na matabibu, watoto wa Waafrika wanapewa randa na jembe. Wakasema: jembe tunalo nyumbani, mtoto tumempeleka shule apate kile tusichokuwa nacho. Tangu siku zile ikaingia katika mioyo ya watu fikira ya kwamba elimu ya heshima ni elimu ya kitabu peke yake, na ya kwamba mwanafunzi mwenye mikono michafu amedanganywa.

Fikira hiyo ilikuwa ngao yetu wakati wa ukoloni, lakini imetugharimu pia. Maana sayansi nayo hufundishwa kwa mikono, ingawa kwa kusudi lingine. Mwanafunzi apimaye tindikali tone kwa tone hafundishwi kumtumikia mtu. Anafundishwa kukiuliza kitu chenyewe ukweli wake, asiridhike na neno la mwalimu wala la kitabu. Wahenga walikwisha kusema kwamba kusikia si kuona.

Tena, vyama vya ustawi vya zamani vililitambua jambo hili kwa njia yao. Chama cha Kavirondo Taxpayers' Welfare Association, kilichoanza mwaka 1923 chini ya uongozi wa Padri Mkuu W. E. Owen, kiliwahimiza wanachama wake kuchimba vyoo, kuua panya na kupanda miti. Mtu aliyekubali kwamba panya huleta tauni, akachukua hatua nyumbani mwake na kuona matokeo, alikuwa amepata somo la sayansi ingawa hakuingia darasani. Basi jambo tunaloombwa kulifikiri leo si geni kwa vyama vya namna yetu.

Fedha za Mabaraza, na shule zilizojengwa

Mabaraza ya Wenyeji yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1924. Mara tu yalipopewa uwezo wa kutoza ushuru wao wenyewe, watu walikubali kuongezewa mzigo juu ya kodi ya Serikali ili zijengwe shule. Kwa jasho hilo, pamoja na msaada wa Serikali, zilisimama katika miaka ya 1930 shule kama Kakamega, Kagumo na Kisii. Wakati huo huo shule za kujitegemea zilienea katika nchi ya Wakikuyu, na mwaka 1939 kikaanzishwa chuo cha waalimu cha Githunguri, ambacho Serikali ilikifunga mwaka 1952 wakati wa Hali ya Hatari.

Hakuna awezaye kusoma habari hizi asiwaheshimu wazee wale. Walitoa mbuzi, mahindi na shilingi, wakabeba mawe mabegani. Lakini tutazame pia zile fedha zilinunua nini. Zilinunua kuta, paa, madawati na mshahara wa mwalimu. Vifaa vya sayansi vilitoka ng'ambo kwa meli, vilikuwa ghali, na havikuonekana siku ya kufungua shule. Desturi ikajengeka tangu hapo kwamba mchango wa watu ni wa jengo, na yaliyomo ndani ya jengo yatatafutwa baadaye na mtu mwingine.

Wachache waliopata kugusa

Kabla ya Uhuru ni shule chache tu za Waafrika zilizokuwa na vyumba vya sayansi vyenye kufaa. Alliance High School ilifunguliwa Kikuyu mwaka 1926, na shule za Wakatoliki za Mang'u na Yala zilikuwa za miaka iyo hiyo. Humo mwanafunzi aliweza kuandaliwa kwa mtihani wa Cambridge, na kwa njia hiyo kupata nafasi ya kwenda Makerere. Waliopita katika mlango huo walikuwa wachache mno ukilinganisha na watoto wa nchi nzima.

Yafaa tukumbuke matunda ya uchache huo. Thomas Odhiambo alisoma Maseno, akaenda Makerere na hatimaye Cambridge. Mwaka 1970 alianzisha huko Nairobi kituo cha ICIPE cha uchunguzi wa wadudu, ambacho leo chajulikana duniani kote. Wangari Maathai alikuwa mwanafunzi katika shule ya Loreto, Limuru. Ameeleza katika kumbukumbu za maisha yake kwamba mapenzi yake ya sayansi yalikuzwa na mtawa mmoja aliyekuwa mwalimu wake, ambaye alimwita amsaidie kuosha vyombo vya maabara, na huku wakiosha wakawa wanazungumza. Msichana huyo alisafiri kwenda Marekani mwaka 1960, akasomea bayolojia, akapata shahada ya udaktari mwaka 1971, na mwaka 2004 akapewa Tuzo ya Nobel ya Amani.

Nimeitaja habari ya kuosha vyombo kwa makusudi. Ili mtoto aoshe chombo, sharti chombo kiwepo kwanza, tena kiwe kimetumika.

Uhuru na moyo wa Harambee

Mwaka 1963 Kenya ilikuwa na shule za sekondari 151, zenye wanafunzi wapatao 30,000. Mzee Jomo Kenyatta alipoita Harambee, watu waliitika kwa namna ambayo Serikali yenyewe haikuitazamia. Tume ya Ominde ya mwaka 1964 ilionya ya kwamba nchi yahitaji watu wenye ujuzi wa kazi mbalimbali, wala si wingi wa shule tu. Lakini watu hawakuweza kungoja. Kila lokesheni ilitaka shule yake, na katika miaka ya 1970 shule za Harambee zikawa nyingi kuliko zile zilizosaidiwa na Serikali.

Hapo ndipo pengo lilipokua. Shule ya Harambee ilianza na darasa moja au mawili, mwalimu asiyekuwa na cheti, na ubao. Historia, Biblia na jiografia ziliweza kufundishwa kwa chaki. Fizikia na kemia hazikuweza. Hivyo shule nyingi ziliacha masomo ya sayansi, au zikafundisha somo moja lililochanganya fizikia na kemia, lililokusudiwa kwa shule zenye upungufu wa vifaa. Watoto wa shule kubwa za mabweni wakaendelea kujaza nafasi za udaktari na uhandisi, na watoto wa Harambee wakaambiwa kwamba sayansi ni ngumu. Wengi wakaamini, wakaja kuwaambia watoto wao vivyo hivyo. Hakika hawakupata kupimwa kwa mizani iliyo sawa, kwa kuwa shule zao hazikuwa hata na mizani.

Juhudi za kutengeneza vifaa vyetu wenyewe

Si haki kusema kwamba hakuna aliyejali. Katikati ya miaka ya 1960 kilianzishwa Nairobi chuo cha kufundisha waalimu wa sayansi, Kenya Science Teachers College, kwa msaada wa Sweden. Mwishoni mwa miaka hiyo ukaja mpango wa School Science Project katika Afrika Mashariki, uliotaka mwanafunzi afanye majaribio mwenyewe kabla ya kupewa kanuni. Mpango ulikuwa mwema, lakini ulidai vifaa vingi, nazo shule zilizovihitaji kuliko zote ndizo zilizokosa uwezo wa kuvinunua.

Mwaka 1976 ilichukuliwa hatua nyingine yenye busara. Kiliundwa chini ya Wizara ya Elimu kiwanda kilichoitwa Science Equipment Production Unit, ambacho watu hukiita SEPU. Kazi yake ilikuwa kutengeneza hapa nchini vifaa vya sayansi vya bei nafuu, na hasa masanduku yenye vifaa vilivyopangwa tayari kwa masomo. Fikira iliyokuwamo ndani ya sanduku lile ni kubwa. Shule isiyokuwa na maabara yaweza kufanya majaribio mengi ya kidato cha kwanza na cha pili juu ya meza ya kawaida, kwa jiko la spiriti mahali pa gesi ya bomba, na ndoo mahali pa sinki. Jengo laweza kungoja, somo halingoji.

Mzigo ulipomrudia mzazi

Mwaka 1985 ulianza utaratibu wa 8-4-4, na mtihani wa kwanza wa KCSE ukafanywa mwaka 1989. Kati ya miaka hiyo miwili, Waraka wa Serikali Na. 6 wa mwaka 1988, uliofuata Tume ya Kamunge, uliweka siasa ya kugawana gharama. Serikali ililipa waalimu. Mzazi akabebeshwa vitabu na vifaa. Shule ya wazazi wenye mali ikajaza kabati zake, na shule ya wakulima wadogo ikabaki na chupa tupu.

Na tuangalie jinsi mtihani wenyewe ulivyopangwa. Katika kila somo la sayansi ipo karatasi ya 3, ambayo ni ya vitendo. Ina alama 40, nazo karatasi mbili za maandishi hukadiriwa kwa alama 60, jumla 100. Maana yake ni kwamba sehemu mbili katika tano za alama za mtoto zimo mikononi mwake. Katika kemia huagizwa kufungua bureti polepole mpaka tone moja tu libadili rangi ya maji, asome kipimo, kisha arudie mara ya pili na ya tatu mpaka vipimo vyake vipatane. Kazi hii haihitaji akili za ajabu. Yahitaji mazoezi, kama vile ukamaji wa ng'ombe au ushonaji wa nguo. Mtoto aliyeifanya mara ishirini huifanya kwa utulivu. Mtoto aionaye bureti kwa mara ya kwanza siku chache kabla ya mtihani hutetemeka, huvunja kioo, naye hupoteza alama ambazo alistahili kuzipata.

Mwaka 1998 Serikali, ikisaidiwa na shirika la JICA la Japani, ilianzisha mpango wa SMASSE wa kuwaendeleza waalimu wa hisabati na sayansi, na mwaka 2003 ukaenezwa nchi nzima. Mpango huo ulimtaka mwalimu apunguze kunena mbele ya darasa, amwachie mwanafunzi nafasi ya kufanya, na pale asipopata kifaa cha dukani atumie kilichopo. Maua mekundu ya haibiskasi yakichemshwa hutoa rangi ambayo hugeuka nyekundu ikitiwa maji ya limau, na kijani ikitiwa maji ya majivu. Ni maji yale yale ya majivu ambayo mama zetu huyachuja kulainishia mboga za kienyeji! Kumbe alkali ilikuwa jikoni siku zote.

Hata hivyo tusijidanganye. Ua la haibiskasi laweza kufungua somo, lakini haliwezi kulimaliza. Mtihani hautampa mtoto ua; utampa bureti.

Hali ilivyo sasa

Tangu kupitishwa kwa sheria ya CDF mwaka 2003, maeneo mengi yamepata madarasa mapya na majengo ya maabara. Mwaka 2008 Serikali ilianza kulipa shilingi 10,265 kwa mwaka kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa ya umma, na mwaka 2018 kiwango kikawekwa kuwa shilingi 22,244. Msaada huo umewaingiza shuleni watoto wengi ambao wangebaki nyumbani. Lakini kadiri madarasa yanavyojaa, ndivyo kila bomba la kioo linavyogawanywa kwa mikono mingi zaidi.

Januari 2023 wanafunzi wa kwanza wa mtaala mpya waliingia Darasa la 7, na masomo hayo yakawekwa katika viwanja vya shule za msingi. Humo mna somo la sayansi ambalo kila mtoto hulisoma, lakini shule za msingi hazikujengwa kwa kufikiria chumba cha sayansi. Mtoto amalizapo Darasa la 9 huchagua njia yake ya sekondari ya juu, na mojawapo ni ile ya sayansi na ufundi. Tujiulize: atachaguaje njia ambayo hajawahi kuionja? Zamani mlango ulifungwa katika kidato cha tatu. Sasa waweza kufungwa mapema zaidi, tena kimya kimya, na mtoto mwenyewe akadhani kwamba amechagua.

Upo pia ushuhuda wa kututia moyo. Mwaka 2019 mwalimu Peter Tabichi, mtawa wa Kifransisko aliyekuwa akifundisha hisabati na fizikia katika Keriko Mixed Day Secondary School, Kaunti ya Nakuru, alipewa Global Teacher Prize, tuzo ya dola milioni moja. Shule yake ilikuwa ya kutwa, ya mashambani, yenye kompyuta moja tu. Ilisemekana wakati huo kwamba alikuwa akitoa asilimia 80 ya mshahara wake kuwasaidia maskini. Wanafunzi wake walibuni chombo cha kuwawezesha vipofu na viziwi kupima vitu, wakashiriki katika mashindano ya sayansi ya taifa. Twampongeza kwa moyo wote. Lakini wazee, je, ni haki sayansi ya watoto wetu itegemee mshahara wa mtawa mmoja?

Mambo ambayo historia hii inatufundisha

Baadhi ya wanachama wamesema, na hoja yao ina nguvu, kwamba jengo hudumu nao wajukuu hulisoma jina la Chama ukutani, lakini kioo huvunjika na tindikali huisha. Nani atakumbuka tulichotoa?

Jibu langu, kwa heshima zote, ni kwamba hapo hasa ndipo shida yote ilipo. Tangu enzi ya Mabaraza mpaka leo, jengo halikukosa mtu wa kulitolea, kwa sababu jengo hutolewa mara moja na kuonekana daima. Kile kinachoisha hakikupata mwenyewe. Chumba cha sayansi ni kama shamba. Baba aweza kumwachia mwanawe ardhi na ghala, lakini asipompa mbegu kila msimu, ardhi itaota magugu na ghala litakaliwa na panya. Vioo, tindikali, chumvi, betri na waya ni mbegu.

Kwa hiyo Kamati yapendekeza haya. Kwanza, itengwe kila mwaka sehemu maalum ya mfuko wa elimu kwa vifaa vya sayansi tu, wala isihamishwe kwa kazi nyingine. Pili, kabla ya kununua chochote, mwalimu wa sayansi aulizwe anachohitaji, ili tusije tukanunua hadubini ya fahari hali shule haina mizani. Tatu, vifaa vinunuliwe kwa seti za kutosha wanafunzi wachache wachache, kwa maana kifaa kimoja mbele ya watoto hamsini ni maonyesho, si mazoezi. Nne, shule iweke daftari la vifaa, vilivyovunjika viandikwe bila aibu, na mwanachama mmoja alikague kila muhula. Daftari lisilo na chombo hata kimoja kilichovunjika litutie wasiwasi, maana huenda kabati halikufunguliwa. Tano, wazee watembelee shule siku ya somo la kawaida, wasingojee siku ya zawadi.

Wazee wetu walikataa mtoto wa Mwafrika apewe jembe peke yake, nao walishinda. Kazi iliyobaki ni ndogo kuliko yao, ingawa yahitaji uvumilivu zaidi, kwa kuwa haina sherehe na hurudi kila mwaka. Twawaomba mje kwenye Mkutano Mkuu mkiwa mmekwisha kulitafakari.

Mtumishi wenu,
Karani wa Chama